Mjusi wa Ukutani na Mjusi wa Mwambani

Tulimzika Profesa Kilufya Jumamosi asubuhi, udongo mwekundu ukiwa umelowa mvua za mwanzo na kung'ang'ania viatu vya kila mtu. Tuliporudi nyumbani kwake Karavia, mtaa wa Lubumbashi, kilio kilikuwa kimejaa hadi barabarani: viti vya plastiki chini ya turubai, akina mama wa kanisa wakiimba kwa zamu, na nyuma ya nyumba masufuria makubwa ya bukari, ugali wetu, yakisongwa kwa miiko mirefu. Nilikuwa nimekaa karibu na ukuta, kichwa kizito, mwanamke mmoja aliyejifunga kitenge cheusi alipokuja akakaa pembeni yangu bila kunisalimu. Akanishika mkono tu. Nilipogeuka nilimwona Ntumba, ambaye sikuwa nimeonana naye tangu ahamie Kolwezi kufundisha, nywele zake sasa zina mvi kama zangu. Hatukulia, tulikuwa tumeshalia, kila mmoja kwake. Mjusi mwenye mistari miwili mgongoni akatoka nyuma ya bomba la maji, akapanda ukutani, akatulia juani karibu kabisa na masikio yetu. Ntumba akanisogelea. "Solange," akaninong'oneza, "uyu njo wetu?" Nikamtazama mjusi koo, nikamtazama vidole. "Njo wetu. Wa ku ukuta." Na hapo, mbele ya picha ya marehemu iliyozungushiwa maua, sisi watu wazima wawili tulishikwa na kicheko hata ikabidi tufiche nyuso ndani ya vitenge. Watu wakadhani tunalia. Mama mmoja akatupa pole.

Kicheko kile kilinirudisha mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya biolojia kule kampasi ya Kasapa. Nimeishi miaka mingi baada ya ule, nimezaa, nimefundisha, nimezika, lakini nikiulizwa ni lini nilianza kuwa mtu huyu niliye leo, sina mwaka mwingine wa kutaja. Maabara ya wanyama ilikuwa chumba kirefu mwisho wa korido ya chini. Vioo vya madirisha vilivyovunjika vilikuwa vimezibwa kwa filamu za eksirei zilizotupwa na hospitali, hivyo jua la asubuhi lilipopiga, mbavu na mapaja ya watu tusiowajua yaling'aa juu ya meza zetu. Maji yalikuja yalipotaka. Ukuta mzima wa nyuma, kutoka sakafuni hadi karibu na dari, ulikuwa wa rafu za Profesa: chupa na chupa za mijusi walioelea ndani ya formalini, rangi zimewatoka, midomo imefunguka kidogo kana kwamba walikatizwa maneno. Aliwakusanya tangu akiwa kijana. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na msimu wa baridi alivaa sweta juu ya sweta na kutembea akipuliza vidole. Kila darasa lililopita mikononi mwake lilifundishwa jambo lilelile: mjusi wa mistari wa Lubumbashi ni spishi moja. Anayekaa ukutani mjini na anayekaa mwambani kwenye vilima ni ndugu wa tumbo moja, wamevaa makoti mawili tu. Alikuwa amehesabu magamba yao chini ya lenzi, mstari kwa mstari, na kila mara aliona hesabu zao zinaingiliana. Mtihani wa mwisho wa mwaka haukukosa swali hilo, na wote tulijua jibu.

Ntumba ndiye aliyelitilia shaka. Tulilala chumba kimoja bwenini, vitanda viwili na jiko la makaa nje ya mlango, na asubuhi alikuwa na tabia ya kunywa chai yake dirishani akiwatazama mijusi wa ukutani. Alisema wale wa ukutani wanakuacha uwasogelee hadi uwaguse, lakini wale wa kwenye miamba nyuma ya kampasi wanatoroka ukiwa bado mbali. Alisema pia kwamba msimu wa mvua dume wa ukutani koo lake linabaki jeupe, na dume wa mwambani koo linawaka rangi ya chungwa. Mimi nilimwambia aache, mtihani uko karibu. Hakuacha. Siku moja akanyanyua mkono darasani, mbele ya watu wote, akauliza kwa Kifaransa chake cha haraka: kama ni spishi moja, kwa nini katika vitabu vyote vya Profesa hakuna hata mmoja aliyeonekana akipandana na wa upande wa pili?  Katika kampasi yetu ya wakati ule, kulikuwa na walimu ambao kuwauliza swali kama hilo kungekugharimu mwaka. Profesa Kilufya alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. Kisha akahama kutoka Kifaransa, akasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Sijui. Weye na mwenzako mwenye munakaa naye, mukuye ku biro yangu kesho. Iyo njo itakuwa kazi yenu ya mwisho." Kesho yake tulikwenda ofisini kwake, na hivyo ndivyo nilivyoingia katika habari ya mijusi: kwa sababu nililala kitanda cha pili.

Profesa alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara moja Afrika Kusini. Mtu huyo aliahidi kutusomea vinasaba vya mijusi wetu bila malipo, mradi tumpelekee vipande vya nyama vilivyohifadhiwa katika alkoholi kali. Sisi wawili tulifurahi, tukageukia rafu. Si tuna mijusi ukuta mzima? Profesa akatikisa kichwa. Formalini, alitueleza, inashika mwili usioze, lakini inaviharibu vinasaba. Ukitaka kusoma ADN, yaani DNA, ya mjusi aliyekaa humo miaka yote hiyo, ni kama kusoma karatasi iliyofuliwa pamoja na suruali. Alisema hayo kwa utulivu, akicheka kidogo. Lakini baadaye, nilipokuwa nafagia, nilimwona amesimama peke yake mbele ya chupa, kidole chake kikipita juu ya vifuniko, kimoja baada ya kingine. Maisha yake yalikuwa pale, na kwa swali hili hayakuweza kutoa hata neno moja. Aliponiona akasema, "Tutaanza upya, mama Solange. Mijusi haiishe ku Lubumbashi." Alkoholi kali yenyewe ilikuwa shida kuipata, na Ntumba alipendekeza kwa dhati kabisa tutumie lutuku, ile pombe ya mahindi inayochemshwa vichochoroni. Profesa akanusa chupa aliyomletea, akafumba macho, akasema hiyo itamlewesha mjusi tu, haitamhifadhi. Mwishowe alkoholi ya kweli tuliletewa na daktari wa meno, jirani yake Profesa pale Karavia, akiwa ameifunga kwenye gazeti kama zawadi ya harusi.

Tulijifunza kuwakamata kwa fito ndefu zenye kitanzi cha uzi wa nailoni nchani. Mjusi haogopi uzi. Anautazama ukimpita shingoni kama anayeangalia nzi. Tulikata ncha ya mkia, ambayo itaota tena, tukaitumbukiza katika kichupa, tukaandika kwa penseli alitoka wapi na alikuwa wa sura gani, tukamwachia palepale tulipomtoa. Lililotushinda si mijusi, ni watu. Wanawake wawili wenye fito, wanaoingia kwenye lupango, ua wa nyumba ya mtu, na kuomba mkia wa mjusi, hawakosi kuulizwa. Kule mtaa wa Katuba mama mmoja aliyekuwa akianika sombe, majani ya muhogo, alitusimamia mikono kiunoni. "Mukia ya mujusi? Ya kufanya nini? Miye siko mutoto. Iyo ni mambo ya buloji." Nikamweleza kwamba si uchawi, tunatafuta kujua kama mijusi hawa ni wa ukoo mmoja na wale wa vilimani. Akafikiri. "Na mukisha kujua?"  Ntumba akasema, "Tutakuya kukuambia, mama." Mama akacheka, akatuletea vigoda, na akawa hodari wa kutuonyesha mijusi wanapojificha. Tulirudi kumwambia kweli, mwisho wa mwaka, naye alikuwa ametusahau kabisa.

Lakini si kila lango lilifunguka hivyo. Mahali pengine mzee mmoja aliuliza majina yetu, na aliposikia la Ntumba akageuka kwa jirani yake, akasema bila kupunguza sauti, "Aba ba Kasai, sasa banataka na mijusi yetu." Jirani akacheka. Haikuwa miaka mingi tangu familia nyingi zenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, na majina kama lake zilipolazimika kuuacha mji kwa kuitwa wageni, vitu vyao vimefungwa kwenye mashuka, wakilala stesheni kungoja treni. Familia ya Ntumba ilikuwa miongoni mwao, na ilikuwa miongoni mwa zile zilizorudi.  Ntumba alimaliza kuufunga uzi wake, akamsogelea yule mzee, akamwambia kwa upole mkubwa, "Baba, miye nilizaliwa hapa, ku Kamalondo. Ukipenda nitakuonyesha nyumba." Njiani kurudi nikamnunulia karanga za kuchemsha tukala tukitembea.

Jumapili tulikula kwa Profesa. Mkewe, Maman Régine, hakukubali wanafunzi wa mumewe wakonde, na sebule yao, yenye saa ya ukutani iliyosimama na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, ilikuwa mahali pa joto kuliko pote nilipopajua. Palikuwa na bukari, mchicha wa lengalenga uliopikwa na karanga, samaki thomson wa kukaanga, na msimu ulipofika, finkubala, wale viwavi waliokaushwa ambao Ntumba aliwala kama bisi. Baada ya chakula mimi nilisaidia jikoni. Ni huko nilikosikia mazungumzo ambayo sikukusudiwa kuyasikia. Nilikuwa nasugua sufuria nje ya mlango wa nyuma, na wao wawili walikuwa chumba cha chakula, dirisha wazi. Maman Régine alisema, "Baba, aba batoto, kama banaonyesha mijusi iko mbili, bantu batasema nini? Miaka yote ile umefundisha moja. Maprofesa benzako batakucheka." Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Batacheka," akasema. "Lakini Régine, miye nimehesabu magamba mpaka macho ikaharibika. Kama jibu iko, na inaweza kuya mbele sijakufa, unataka niifunge mulango?"  Mkewe akasema, "Basi uwape chakula muzuri, bamalize mbio." Wakacheka wote wawili. Nilibaki na sufuria mkononi. Mpaka siku ile nilidhani msomi ni mtu anayejua. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima, mwenye cheo, akitamani kwa sauti ile kujua kama amekosea.

Majibu ya kwanza yalikuja kwa barua pepe, tukayafungua katika duka la intaneti katikati ya mji, mashine ikivuta ukurasa polepole kama anayetoa ndoo kisimani. Ulikuwa mchoro wa mti. Tulikuwa tumeomba kwanza kisomwe kinasaba kimoja kinachotoka kwa mama tu: mama anawapa watoto wake wote, lakini ni mabinti tu wanaokipitisha mbele, baba hachangii kitu. Na mti ule ulikuwa na matawi mawili makubwa yaliyoachana karibu na shina. Mijusi wa kuta za mjini walikaa tawi moja, wa vilima vya mbali tawi la pili. Yule mtu wa Afrika Kusini aliandika kwamba umbali ule si wa jana. Matawi yale yaliachana kabla mtu yeyote hajachimba shaba katika nchi hii, na kabla ya mtu wa kuichimba kuwepo. Ntumba alinikumbatia hadi mwenye duka akatukaripia. Halafu tukatazama vizuri zaidi. Mijusi kadhaa tuliowakamata kwenye miamba inayopakana na kampasi, wenye koo la chungwa, wa mwambani kabisa kwa sura, walikuwa wamekaa kwenye tawi la ukutani.  Ntumba akasema taratibu, "Solange, vichupa vya siku ile ni weye uliandika."

Ndivyo ilivyokuwa, mimi ndiye niliyeandika. Nilijua sikuchanganya, lakini kujua kwangu hakukuwa ushahidi, na kila nilipojitetea nilisikika kama mtu aliyechanganya. Tulikuwa na miezi michache tu kabla ya utetezi wa kazi yetu mbele ya watahini. Kama vichupa vile haviaminiki, basi hata vingine haviaminiki, na mti mzima haufai. Tukaacha kula pamoja. Katika chumba kidogo kama kile, watu wawili wasioongea wanasikia kila kitu: kijiko, ukurasa, kugeuka kitandani. Ntumba alikwenda kula kwa shangazi yake. Mimi niliacha kwenda Karavia Jumapili, mpaka Maman Régine alipomtuma mtu na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa na maneno kwamba nikimwachia sahani nyingine ipoe atakuja mwenyewe kunilisha.

Profesa hakuuliza nani alikosea. Alituita ofisini, akatuangalia tulivyokaa, kila mmoja kwenye ukingo wa kiti chake, akasema, "Twende tukamate tena. Tukuwe batatu. Nitaandika miye." Tulipanda kilimani asubuhi, yeye akiwa na viatu vyake vya mjini vilivyong'arishwa, akishika mawe na kupumua kwa kelele. Juu kabisa, mahali ambapo miamba inaishia na kuta za mwisho za kampasi zinaanza, akatukataza kutoa fito. "Kwanza tuangalie." Akalala kifudifudi juu ya jiwe, kama mtoto. Nasi tukalala kando yake. Jua lilipopasha miamba mijusi wakaanza kutoka. Dume wa koo la chungwa alipanda jiwe la mbele yetu, akaanza kunyanyua na kuinamisha kichwa, haraka-haraka, haraka-haraka. Jike aliyekuwa chini ya ukuta, wa rangi ya kijivu, wa ukutani bila shaka yoyote, alimtazama kwa muda, kisha akavuka ule ukanda wa nyasi, akapanda jiweni kwake. Sitaeleza yaliyofuata, ni mambo yao. Profesa alinishika mkono kwa nguvu hata ukauma. "Munaona?" alinong'ona. "Munaona? Mama ya ukuta, baba ya jiwe. Batoto batafanana na nani? Na ile kinasaba ya mama itakuwa ya nani?" Nikaelewa kabla hajamaliza. Watoto wa jike yule, na wajukuu, wakiendelea kuzaana na wa mwambani, watafanana na wa mwambani hadi koo lao, lakini wote watabeba alama ya bibi yao wa ukutani. Vichupa vyangu vilikuwa sawa.

Nilimwangalia Profesa. Alikuwa analia, uso umejaa vumbi la jiwe. Sikujua kama ni kwa furaha. "Miaka yote," alisema, "miye nilikuwa naangalia bale bamekufa."  Tulipokuwa tunashuka Ntumba alinipita, akasimama, akanisubiri. "Nilikusumbua bure," akasema. "Bado uko na hasira?" Nikamwambia ndiyo, ninayo. Akakubali kwa kichwa, akachukua mfuko wangu akaubeba pamoja na wake hadi chini. Jioni ile alipika finkubala kwa nyanya na pilipili kwenye jiko letu la makaa, tukala kwenye sahani moja, na hasira ikaishia hapo. Nimegombana na watu wengi tangu wakati ule. Wachache wamenipatanisha kwa njia nyepesi kama ile.

Vipande vipya vilipelekwa, safari hii kikisomwa pia kinasaba kinachotoka kwa wazazi wote wawili. Majibu yalituambia kile jiwe lilichotuonyesha. Mijusi wale wa mpakani walikuwa wa mwambani kwa sehemu kubwa ya mwili wao, wakiwa na urithi wa bibi wa ukutani. Lakini ukienda mbali kidogo, upande wa mji au upande wa vilima, mchanganyiko unakwisha, kila mmoja anabaki na wake. Kwa hiyo ni spishi mbili, za karibu sana, ambazo hukutana kwenye ukanda mwembamba na kuchanganyika kidogo bila kuwa kitu kimoja. Mmoja tangu zamani alipenda miamba. Mwingine alipenda magogo ya miti ya msituni, na watu walipokata miti wakajenga kuta, akaziona kuta ni magogo mapana, akahamia.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Maman Régine alikaa mstari wa mbele na kofia yake ya harusi. Tulizungumza kwa Kifaransa, kwa zamu, na mambo yalikwenda vizuri hadi mmoja wa watahini, mtu mcheshi aliyependa kuchekesha ukumbi, alipofunga karatasi zake, akauliza kwa Kiswahili: "Sasa mutuambiye: kati ya aba bawili, mwenyeji ni nani, na nani alikuya tu?" Watu wakacheka, halafu kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu kila mtu alikumbuka kilichokuwa kimetokea mjini, na kila mtu alijua Ntumba ni wa wapi. Niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa meza. Nilitaka kujibu mimi, Profesa akanizuia kwa macho. Ntumba akajibu kwa Kiswahili vilevile. "Bote bawili balikuwa hapa mbele ya mutu wa kwanza kujenga ukuta. ADN inaweza kutuambia nani ni ndugu ya nani, na waliachana lini. Kusema nani mwenyeji, iyo haiko kazi yake."  Yule mtahini akavua miwani, akasema, "Merci, mademoiselle. Minakubali." Nami, niliyeketi kando yake, nilijivuna kana kwamba maneno yametoka kinywani mwangu.

Tulifaulu sote wawili. Ntumba alikwenda kufundisha shule ya sekondari, kwa sababu nyumbani walihitaji mshahara wake, na mimi Profesa aliniomba nibaki niwe msaidizi wake. Nilidhani habari imekwisha. Lakini mwaka mpya wa masomo ulipoanza, siku ya somo la wanyama watambaao, alinitaka nije nikae ukumbini. Nilikaa nyuma kabisa. Vijana wa mwaka wa kwanza walijazana hadi kwenye ngazi, wengi wao wakiwa na maandishi ya kaka na dada zao waliowatangulia, ambamo jibu la swali la mtihani lilikuwa limepigiwa mstari. Profesa akaandika ubaoni, kwa herufi kubwa: spishi moja. Kalamu zikaanza kazi. Akawaacha wamalize kuandika, kisha akageuka.

"Hivi ndivyo nilivyofundisha tangu nianze kazi hii," alisema kwa Kifaransa, na ninanukuu kadiri nikumbukavyo. "Wengine wenu wazazi wenu walifaulu kwa kuandika hivi. Nilikosea. Sikusema uongo, nilihesabu nilichoweza kukihesabu, nikafikiri kimetosha." Akachukua kitambaa akafuta ubao, wote, hadi pembeni, akifuta polepole kama anayeosha meza. Msichana mmoja wa mbele akanyanyua mkono, akauliza kwa wasiwasi: kama ni hivyo, yeye aandike nini? Ukumbi ukaangua kicheko, na Profesa akacheka kuliko wote. Akatazama juu, mistari na mistari ya nyuso, mpaka akanipata. "Mademoiselle Solange, ushuke."

Nilishuka ngazi zile nikikanyaga miguu ya watu. Nilipofika akanitia chaki kiganjani. Niliona vidole vyake vyeupe, na mikono ya sweta iliyojaa vumbi la ubao. Nilimnong'oneza kwamba sijajiandaa, kwamba sijawahi kufundisha. "Sema tu vile ulivyoona," akasema. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa ukumbini siku ile aliyelisahau. Alimwomba yule msichana wa mbele asogee kidogo, akajibana kwenye benchi pamoja na wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, miguu yake mirefu ikigonga mbao, akaomba karatasi kwa jirani, na mimi nilipoanza kuzungumza kwa sauti iliyotetemeka kuhusu mjusi wa ukutani na mjusi wa mwambani, Profesa Kilufya akainamisha kichwa na kuanza kuandika.